Kisanduku cha Fundi Redio

Njombe mwezi wa Julai, maji ya bomba alfajiri huuma vidole. Ndiyo maana mama mmoja wa mjini hapa alimwagiza fundi redio wake amtengenezee kitu cha kuiwasha hita ya maji kabla hajaamka. Hita ya sebuleni na taa za baraza ziliongezeka baadaye, kama kazi zinavyoongezeka fundi akiwa mzuri. Nimekaa benchini kwake michana miwili nikimtazama akikijenga kisanduku hicho, na sijachoka kutazama.

Ubongo wake ni bodi ya Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Zinatosha na kubaki. Kazi yenyewe ni fupi kuieleza: soma joto, tazama saa, washa au zima. Kijana mwenye bidii ataiandika programu hiyo kwa siku moja, na itafanya kazi. Mzee huyu anaanzia pale ambapo kijana yule angefunga vifaa vyake.

Chukua sensa ya joto, DS18B20, kijiti cha chuma chenye nyaya tatu. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kabla haijapima chochote, ukiisoma itakujibu nyuzijoto 85. Waya wake ukikatika, programu ya kuisomea inayotumiwa na mafundi wengi hutoa jibu la -127. Sasa fikiria kisanduku kinachoamini kila kinachoambiwa. Panya ametafuna waya darini, kisanduku kimeona -127, kimeamua kwamba maji yana baridi ya ajabu, kimewasha hita na hakizimi tena. Fundi ameyawaza hayo yote akiwa ameketi na kikombe cha chai, panya hata hajafika. Jibu la kwanza la sensa analitupa. Joto lisiloweza kuwamo ndani ya tangi halisikilizwi: hita inazimwa na kitaa chekundu kinawaka. Wala termostati iliyokuja na hita kutoka kiwandani hakuigusa.

“Huyu wangu akisinzia,” aliniambia, “yule wa zamani yuko macho.”

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine.

Kisha kuna rilei, swichi inayowashwa na bodi: zile ndogo za buluu zinazouzwa madukani zimeandikwa ampea 10. Hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 inavuta 13. Wapo wanaolazimisha, na ncha za rilei huungua au zikagandana, hita ikabaki imewaka. Yeye rilei anaitumia kuiamsha kontakta tu, swichi kubwa zaidi ya aina hiyo, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo.

Kwenye taa alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mama alikuwa ameuliza swali moja tu: “Fundi, na swichi yangu?” Watengenezaji wengi wangemwambia azoee kuwasha taa kwa simu. Fundi aliiunga rilei kama swichi ya pili ya ngazini, zile ambazo unawashia chini na kuzimia juu. Kisanduku kinabadilisha, mama anabadilisha, hakuna anayemfungia mwenzake njia. Bodi ikiungua kesho, swichi ya ukutani itaendelea kuwasha baraza kama ilivyokuwa ikiwasha siku zote.

Hita ya sebuleni inawaka joto likishuka hadi 18 na kuzimika likifika 20. Pengo hilo la nyuzi mbili ndilo linaloizuia rilei kugonga tak-tak-tak usiku kucha. Shughuli hii ya kuachia chombo kihisi joto ina umri mrefu: mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa Whitewater huko Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme cha kupima joto la darasa, ili mtunza tanuru asilazimike kuingia chumba kwa chumba. Nadhani wangeelewana, yeye na huyu mzee wangu.

Maji nayo yana hesabu yake, na aliifanya mbele yangu nyuma ya risiti. Lita 50, kutoka nyuzijoto 15 hadi 60, kwa wati 3,000: dakika 52, na kidogo zaidi kwa joto linalopotea. Kwa hiyo kisanduku kinaamka saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri, na mama anaoga saa kumi na mbili. Usiku wote uliobaki mita haizungushwi bure.

Jana alikifunga. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho alibandika ndani ya kifuniko mchoro alioupiga kwa kalamu: kila waya na rangi yake, kila kiungo na kazi yake. Chini aliacha karatasi tupu ya upana wa vidole vitatu.

“Hapo je, mzee?”

“Hapo ni pa fundi mwingine. Akibadilisha kitu, aandike.”