Hasi, Toa na Kinyume: Uhakiki wa Usomaji wa Alama Moja

Mara nyingi sisi tunaoshughulika na istilahi hulalamikia maneno yanayokosekana: chombo kipya kimeingia nchini, nasi hatuna jina lake. Safari hii napenda kuhakiki maneno tuliyo nayo. Ni maneno mazuri, nayo yamezoeleka tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, jinsi tunavyoyatumia huwapoteza wanafunzi mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Nakusudia maneno tunayoyatamka tunapoikuta alama hii: −.

Nilikuwa likizoni Tabora, nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lake chini ya mwembe. Ilikuwapo hesabu moja ya polinomia (nalitumia neno la mkopo, kwa kuwa kila jaribio la kulitafsiri nililopata kulisikia lina urefu wa msafara). Alitakiwa kukokotoa:

(4x² − 3x + 2) − (x² − 5x + 7)

Jibu lake lilikuwa 3x² − 8x + 9. “Mjomba,” alisema, “nimeifanya mara tatu, na mara zote napata hili hili, na mara zote naambiwa nimekosa.” Sikumwonyesha njia. Nilimwomba aisome hesabu kwa sauti. Akasoma: “Eksi kipeo cha pili nne, toa eksi tatu, jumlisha mbili, toa eksi kipeo cha pili, toa eksi tano, jumlisha saba.”

Msomaji atakuwa amekwisha kuliona kosa. Mabano hayakusikika. Macho yaliyaona, mdomo ukayaruka. Lakini tusiharakishe kumlaumu mtoto, maana sarufi yake ilikuwa sahihi kabisa. “Toa” ni kitenzi cha amri, na amri ya Kiswahili hukimbilia mtendwa aliye karibu. Ukimwambia mtu “toa kiti, meza, kabati”, atajua vyote vitatu vinatoka. Ukimwambia “toa kiti, toa meza, weka kabati”, hawezi kudhani kwamba ile “toa” ya kwanza inaendelea kutawala hadi kwenye kabati na kuigeuza “weka” kuwa “toa”. Hesabu ile yataka jambo hilo hilo lisilowezekana katika usemi: “toa” moja iliyo nje ya mabano izigeuze alama zote zilizomo ndani. Mpwa wangu alitii lugha yake, akaiasi hesabu.

Kuna jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Alama moja hufanya kazi tatu, nasi twazisoma zote kwa neno moja. Katika 8 − 3, alama ni tendo: tunatoa. Katika −3 iliyosimama peke yake, alama ni sifa ya namba: hiyo ni hasi tatu, nayo ina mahali pake kwenye mstari wa namba, kushoto kwa sifuri. Katika −x, au −(x² − 5x + 7), alama haitoi kitu wala haisemi kwamba kitu ni hasi. Inaagiza kigeuzwe kuwa kinyume chake, chochote kiwacho. Waingereza nao wana taabu hii hii, kwa hiyo si aibu yetu peke yetu. Lakini wao wanafunzi wao hawasomi hesabu kwa lugha mbili. Wa kwetu huacha “hasi” na “toa” darasa la saba, na kidato cha kwanza hukutana na “mainasi”, neno linalofunika kazi zote tatu kama shuka moja juu ya watoto watatu.

Tuyahakiki maneno yenyewe. “Hasi” limo katika kamusi kwa maana mbili: kitenzi cha kumtoa mnyama mapumbu, na sifa ya namba iliyo chini ya sifuri. Sidai kwamba moja limezaliwa na jingine. Nasema tu kwamba mkoa wa Tabora ni nchi ya ng’ombe na plau, na kijana aliyemwona fahali akihasiwa ili awe maksai wa kukokota mkokoteni analisikia neno hili kwa masikio yake, si kwa masikio ya mtunga istilahi. Kwake, kilichohasiwa ni kitu kilichopungukiwa. Namba hasi haikupungukiwa kitu. Hasi tano ni nzima sawasawa na chanya tano. Imeelekea upande wa pili tu. Je, tulifute neno? La. Limekwisha kuingia katika umeme, katika vipimo vya hospitali, katika hotuba. Kulifuta sasa ni kuvuruga mengi kwa faida ndogo. Lakini mwalimu anayelitumia yampasa ajue linamwambia nini mtoto wa mfugaji.

Kauli ninayoilaumu bila huruma ni ile inayoimbwa madarasani: “hasi kwa hasi ni chanya”. Neno “kwa” hapa ni la kuzidisha, lakini hakuna kinachomzuia mwanafunzi kulielewa kama “pamoja na”. Mpwa wangu alipoulizwa −3 − 5 alijibu upesi: 8. Hasi mbili zimekutana, basi ni chanya! Kanuni iliyo kweli katika kuzidisha ilikuwa imepelekwa katika kujumlisha, kwa kosa la kiunganishi kimoja. Isemwe kwa kirefu: “hasi ikizidishwa kwa hasi, zao ni chanya, hasi ikijumlishwa na hasi, jumla ni hasi zaidi.” Haiimbiki vizuri, na hiyo ndiyo afya yake.

Na MAGAZIJUTO? Kifupisho hiki cha kukumbukia mpangilio wa matendo (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ni miongoni mwa vitu vilivyoenea kuliko vyote katika Kiswahili cha shuleni, na ladha yake ni ya kwetu. Nimekichunguza kwa makini, nikaona nusu yake haina madhara na nusu yake inayo. Kugawanya kabla ya kuzidisha hakuharibu kitu: 12 × 6 ÷ 2 ni 36 kwa vyovyote. Lakini mwanafunzi anayeshika JUTO kama ilivyo, akakutana na 10 − 3 + 2, atajumlisha kwanza 3 na 2, kisha atatoa 5 katika 10, apate 5. Jibu ni 9. Kifupisho kingesema TOJU, yaani toa kabla ya kujumlisha, kosa lingekoma. Naona kwa nini JU iliwekwa mbele: mtoto wa darasa la nne hajajifunza namba hasi, na katika 2 − 5 + 10 ni salama kwake kukusanya kwanza 2 na 10 ndipo atoe 5. Lakini huko ni kukusanya vinavyojumlishwa, si kujumlisha chochote kilicho kando ya alama ya +. Kilichokuwa ulinzi wa mdogo kimekuwa mtego wa mkubwa.

Dawa niliyompa mpwa wangu niliichukua hapo hapo mjini. Tabora ndiyo Kaze ya wasafiri wa karne ya 19; Burton na Speke walifika mwaka 1857, na kwa Kwihara ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 ni mwendo mfupi kutoka mjini. Njia ile ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji iliendeshwa kwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Nilimwambia aione polinomia kama msafara: kila kipande ni mpagazi, na alama iliyo mbele yake ni mzigo wake. Unaweza kuwapanga upya wapagazi upendavyo, wa nyuma akawa wa mbele, nao msafara ni ule ule, mradi kila mmoja aondoke na mzigo wake. Basi hakuna kutoa katika polinomia. Kuna kujumlisha tu, na vipande vyenye mizigo ya namna mbili.

Na namna hizo mbili Tabora ilizijua vizuri. Biashara ile ilisimama juu ya mkopo. Nguo, shanga na waya zilitoka Unguja kwa mali ya matajiri wa Kihindi. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Mtu mwenye pembe za frasila 60 na deni la frasila 80 hakuwa na “pungufu”. Alikuwa na kitu kamili, deni la frasila 20, lenye mwenyewe, lenye kusafiri na kurithiwa. Akija wa kumwondolea deni hilo, amemwongezea mali. Hivyo ndivyo Brahmagupta wa Bara Hindi alivyozieleza namba hizi mwaka 628: mali na deni, na deni likitolewa katika sifuri huwa mali. Hata jina aljebra limetoka katika taabu hii. Al-jabr, katika kitabu cha al-Khwarizmi cha mnamo mwaka 820 huko Baghdad, ni kurudishia kilichotolewa, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika. Naye hakuiruhusu namba hasi isimame peke yake. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres aliandika kitabu kizima kuilalamikia alama hii. Mpwa wangu alifarijika kusikia kwamba ana wenzake.

Pendekezo langu ni hili: alama isomwe kwa kazi yake. Kati ya vitu viwili, “toa”. Mbele ya namba iliyosimama peke yake, “hasi”. Mbele ya herufi au mabano, “kinyume cha”. La tatu ndilo la maana, kwa sababu −x ikisomwa “hasi eksi”, mwanafunzi huamini daima kwamba ni namba hasi. Na x ikiwa −4, basi −x ni 4. “Kinyume cha eksi” hakimdanganyi. Mwenzangu mmoja ofisini amepinga, akisema “kinyume” tutalihitaji pia kwa moja juu ya tano kuwa kinyume cha tano. Ni hoja ya haki. Jibu langu ni kwamba hicho kiitwe kinyume cha kuzidisha, na hiki cha kwetu kinyume cha kujumlisha pale ambapo utata unaweza kutokea.

Mpwa wangu aliisoma tena ile hesabu: “Msafara wa kwanza, ujumlishwe na kinyume cha msafara wa pili.” Akageuza mizigo yote mitatu, akapata 3x² + 2x − 5. Tuliweka 1 mahali pa x: kila mabano yakawa 3, tofauti sifuri, na jibu lake nalo sifuri. Lile la zamani lilitoa 4.

Kisha akaniuliza: “Mjomba, na −3² je?” Nikasema, kinyume cha tatu kipeo cha pili. Akanitazama. “Kinyume cha tatu, halafu kipeo cha pili? Hiyo ni 9. Au kinyume cha hiyo tatu yenye kipeo? Hiyo ni −9.” Jibu ni −9, lakini kauli yangu haikulisema. “Kinyume cha kipeo cha pili cha tatu” hulisema, kwa maneno saba na vimilikishi vitatu. Msomaji mwenye usomaji mfupi zaidi aulete. Safu ya istilahi za hisabati ingali wazi.