Nani Anayeamini? Mwiko, Tuhuma na Sarufi ya Imani katika Riwaya za Ukerewe

Uhakiki wa fasihi ya Kanda ya Ziwa umezoea kuuliza iwapo wahusika, na jamii inayosawiriwa kupitia kwao, wanaamini miiko, ndege mbaya na mikosi. Jibu hutolewa upesi mno. Wanaamini, husemwa, kisha mambo yote hutiwa katika kapu moja liitwalo "imani potofu" au "ushirikina". Istilahi hizi mbili si vyombo vitupu vya uchambuzi. Ya pili imetoka katika theolojia, inakomtaja anayempa Mungu mshirika. Ya kwanza inadai tayari kwamba ipo imani, na kwamba imepotoka. Makala haya yanadai kwamba kosa linaanzia katika kitenzi. Sehemu kubwa ya miiko ya kila siku haimhitaji mtu wa kuiamini, na hilo linaonekana katika sarufi yake.

Katika mitaa ya Mwanza, iwe Kirumba au Igoma, mtoto anayeshika ufagio baada ya magharibi huambiwa asifagie usiku, atafukuza riziki. Akipiga mluzi gizani huambiwa anaita nyoka, na nyoka mwenyewe usiku huitwa kamba. Kauli hizi zina umbo linalojirudia: katazo katika nafsi ya pili, au sharti la -ki-, kisha tokeo. Anayesema hajitaji. Hasemi "naamini kwamba". Akibanwa aeleze, hukimbilia maneno kama "haifai", "ni mwiko" au "hukatazwa". Hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Ni kauli ya kutendwa yenye hu- ya mazoea, na haina mtenda. Hukatazwa na nani? Msikilizaji mzoefu wa lugha haulizi, na akiuliza huonekana mkorofi.

Kuna pia kijineno "eti". Msichana wa chuo anaweza kusema, "Eti ukifagia usiku unafukuza riziki," akacheka, kisha akauegemeza ufagio ukutani hadi asubuhi. Kwa "eti" amejitenga na kauli. Kwa mkono wake ameitii. Mtafiti anayetaka kumwandika kuwa muumini au asiyeamini atakosea kwa vyovyote, kwa kuwa lugha imempa msemaji nafasi ya tatu ambayo hojaji haina.

Ndiyo maana takwimu zinazonukuliwa sana katika mjadala huu zisomwe kwa tahadhari. Utafiti wa Pew wa mwaka 2010 kuhusu dini katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara uliiweka Tanzania juu kabisa, zaidi ya asilimia 90 ya waliohojiwa wakisema wanaamini uchawi. Hata hivyo, "kuamini" katika Kiswahili ni kitenzi cha uaminifu na tegemeo kabla ya kuwa kitenzi cha maoni. Mtu humwamini Mungu, humwamini mkwewe, humwamini au hamwamini fundi wake. "Unaamini uchawi?" huweza kusikika kama "Je, uchawi upo?", na huweza kusikika kama "Je, unautegemea?" Mcha Mungu anayekemea mapepo kila Ijumaa usiku atajibu "ndiyo" kwa swali la kwanza na kukasirishwa na la pili.

Upande mwingine wamesimama wale wanaoitetea miiko kwa kuipa manufaa: usiku kulikuwa giza, kitu kidogo kilichoanguka kingefagiliwa nje, basi wazee wakakataza. Maelezo haya, yanayopendwa na walimu wa sekondari, yana ukarimu wake, lakini hayakinai. Yanapofikia mwiko wa mjamzito kula mayai yanakwama. Tokeo linalotajwa hubadilika toka nyumba hadi nyumba, mara mtoto atazaliwa bila nywele, mara atakuwa mwizi. Lisilobadilika ni kwamba yai linabaki kwa mwingine. Kuuita huo hekima ya wahenga bila kuuliza nani alikula yai ni uhakiki wa nusu.

Riwaya inayoonesha jambo hili kwa upana kuliko nyingine zote ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ya Aniceti Kitereza. Mwandishi alikuwa Mkerewe na Mkatoliki aliyesomea seminari ya Rubya. Aliiandika kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ingetarajiwa kwamba mtu aliyelelewa na misheni angezihukumu desturi za babu zake. Hakufanya hivyo, wala hakuzipamba. Msimulizi wake hueleza jinsi pombe inavyopikwa, jinsi mzazi anavyotunzwa na jinsi miiko inavyoshikwa kwa sauti ileile tulivu ya mtu anayeeleza kazi. Wahakiki wengine wameiona sauti hiyo kuwa udhaifu wa kisanaa, wakisema kwamba ni ethnografia iliyovishwa riwaya. Lawama hiyo haina uzito. Sauti hiyo ndiyo sarufi ya "hukatazwa" iliyotandazwa katika juzuu mbili: ulimwengu ambamo mwiko hutendwa, na hakuna anayehojiwa iwapo anauamini.

Majina ya watoto yanathibitisha. Ntulanalwo ni kauli nzima ya Kikerewe, inayosema kwamba mwenye jina anaishi nacho daima. Nacho ni nini? Kifo, lakini nomino haimo. Kimebaki kipatanishi -lwo cha ngeli yake. Wazazi waliotaabika kupata mtoto wamekitaja kifo bila kukitamka, kama vile nyoka anavyoitwa kamba. Jina la dada yake nalo linauliza, kwa kiambishi tu, huzuni itakwisha lini. Kuuliza kama Myombekere "anaamini" kwamba jina litamkinga mwanawe ni kuuliza swali ambalo jina lenyewe limelikwepa.

Kuna kauli nyingine ya kutendwa, nayo haikwepi. Mtu akisemwa "amerogwa", mazungumzo hayatulii hadi liulizwe: na nani? Maelezo mashuhuri ya Evans-Pritchard ya mwaka 1937, kwamba Wazande walijua mchwa ndio walioliangusha ghala lakini wakataka kujua kwa nini liwaangukie hawa na saa hii, yanaifaa kauli hii ya pili. Kuyabebesha pia ufagio na mluzi, kama inavyofanywa mara kwa mara katika tasnifu zetu, ni kulichanganya katazo lisilo na mtenda na tuhuma isiyoweza kuishi bila mtenda.

Tofauti hiyo imegharimu maisha ya watu. Katika vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe kwa miaka mingi ya kupikia wengine. "Ana macho mekundu" ni sentensi ya sifa, isiyomtuhumu mtu, hugeuka hukumu pale inapojibu "na nani?" Anayelipwa kuifanya kazi hiyo ya kuunganisha ni mpiga ramli: anachouza ni kiima. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, ililenga mahali hasa palipostahili, ingawa kampeni za elimu zilizoambatana na hatua kama hizo ziliendelea kuzungumzia "imani potofu" kwa jumla, kana kwamba bibi anayekataza mluzi na anayemtaja jirani yake ni kundi moja.

Kwa Kitereza, si kwamba uchawi haujulikani. Lakini katika ugumba wa Bugonoka uzito wa masimulizi umewekwa kwenye safari ya kutafuta dawa, si kwenye msako wa wa kulaumiwa. Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, alichapisha *Janga Sugu la Wazawa* mwaka 2002, riwaya ambayo uchawi na hofu yake ndivyo kiini chake, na mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake ya Kiingereza ya kitabu cha Kitereza. Riwaya hizi mbili hufundishwa mbalimbali, moja kama hazina ya mila, nyingine kama shutuma dhidi ya mila. Zikisomwa pamoja, ya pili haionekani kuikana ya kwanza. Mwiko wa Kitereza haukumtaja mtu. Ulimwengu wa Ruhumbika ni ule ambamo kila msiba unadai jina, na jina hilo hupatikana nyumba ya pili.