Jeli ya Selulosi: Ichunguze Kabla Haijakauka

Ukioneshwa kipande cha jeli kavu ya nyuzi nano za selulosi, kitakachosifiwa kwanza ni wepesi wake. Usianzie hapo. Selulosi ngumu ina takriban gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Kipande chenye miligramu 10 kwa ujazo huohuo ni hewa kwa zaidi ya 99%, na kukipata hakuhitaji ufundi mkubwa: selulosi kidogo, maji mengi. Ufundi uko kwenye kipande chepesi kisichosagika kikibonyezwa, na huo hufanyika kabla jeli haijakauka.

Kwa hiyo omba kuona rojo la nyuzi hizo na maji likiwa bado bichi. Mwaka 2006 Tsuguyuki Saito, Akira Isogai na wenzao walionesha kuwa nyuzi za mti zikioksidishwa kwa kichocheo cha TEMPO hupata chaji hasi, zikasukumana na kuachana moja moja, kila moja na upana wa nanomita chache tu. Rojo la namna hiyo huwa angavu kama maji. Likiwa na ukungu, kuna nyuzi zilizobaki zimeshikana. Kisha liweke katikati ya vichujio viwili vya polaroidi, kimoja umekigeuza robo duara, ulitikise. Rojo zuri hung'aa kwa mawimbi ya mwanga, kwa sababu nyuzi ndefu zinajipanga. Hakuna kipimo ninachokiamini zaidi ya hiki, na hakigharimu karibu chochote.

Rojo linapogandishwa kwa asidi liwe jeli, asidi imwagwe juu taratibu na iachwe ipenye yenyewe. Ikikorogwa, hutokea madonge. Kata jeli uone.

Ukaushaji ndio unaoharibu kazi nyingi. Jeli ikiachwa ikauke yenyewe, maji yanapotoka huvuta nyuzi pamoja, ikasinyaa na kuwa ngozi ngumu. Ukiigandisha kwa baridi, barafu husukuma nyuzi pembeni zikawa kuta nene: unapata sponji nyeupe, nzuri kufyonza mafuta, lakini mtandao wa nanomita umepotea. Anayeutaka mtandao ule hutoa maji kwa ethanoli, kisha huingiza kaboni dioksidi na kuivusha nyuzi joto 31 na shinikizo la takriban angahewa 73, mahali ambapo si kimiminika wala gesi, hivyo haina uso wa kuvuta nyuzi. Kipande kilichofuzu hupitisha mwanga, na juu ya kitambaa cheusi huonekana na ubuluu hafifu. Pima upana wake kabla na baada: kusinyaa sana ni dosari.

Sasa kibonyeze. Kinatakiwa kibonyee bila kupasuka, tofauti na jeli ya silika inayovunjika kama kioo. Kisiporudi kwenye umbo lake, usikilaumu, ndivyo kilivyo. Uimara ulinganishe na kipande cha uzito uleule kwa ujazo, vinginevyo unalinganisha kiasi cha selulosi tu.

Mwisho, dondosha tone la maji. Kama hakijatibiwa kukataa unyevu, papo hapo patabonyea shimo, na kipande cha namna hiyo usikinunue kwa kazi ya kuzuia joto ukutani.