Masafa ya Maikrofoni: Namna Santuri ya Ukerewe Ilivyorekodiwa

Katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho msafiri atokaye Mwanza kwa kivuko hukifikia baada ya saa tatu hivi, ndimo ilimorekodiwa White African Power, santuri ya kwanza ya kundi la Tanzania Albinism Collective, iliyotolewa mwaka 2017. Waimbaji wake ni watu wenye ualbino, ambao wengi wao hawakuwa wanamuziki kabla ya hapo. Mtayarishaji ni Ian Brennan wa Marekani, ambaye santuri yake ya wafungwa wa gereza la Zomba, Malawi, ilipata kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Na lililowakutanisha ni shirika la Standing Voice, litetealo haki za watu hao. Habari za mauaji ya watu wenye ualbino yaliyolitia doa eneo la Ziwa Viktoria zinajulikana, nazo zimo nyimboni. Lakini lililonifurahisha mimi, na ambalo halijasemwa vya kutosha, ni ufundi wa kazi yenyewe.

Ufundi huo umo katika masafa baina ya kinywa na maikrofoni. Sauti hudhoofika kadiri iendavyo mbali. Kwa hiyo maikrofoni ikisogezwa hadi nusu ya masafa yake ya awali, nguvu ya sauti iifikiayo moja kwa moja huongezeka mara nne, ilhali mwangwi ulioenea chumba kizima hubaki takriban kama ulivyokuwa. Fauka ya hayo, maikrofoni isikiayo upande mmoja huzidisha besi ikaribiapo kinywa, hata mnong'ono ukapata uzito. Basi mtu mwenye sauti ndogo, asiyezoea kuimba mbele ya hadhara, husikika waziwazi pasipo kulazimika kuipaaza. Ukaribu huo una gharama yake, kwani pumzi husikika, na herufi p na b hupiga kwa kishindo. Aghalabu fundi wa studio huyafuta hayo yote, lakini humu pumzi zimeachwa, na msikilizaji hutambua kwamba aimbaye ni mtu aliye mbele yake.

Wala mbinu hiyo si bidaa. Bill Monroe wa Kentucky, aliyeasisi muziki wa bluegrass, na wenzake wa banjo, fidla, gitaa na besi, walizoea kuizunguka maikrofoni moja: ambaye zamu yake imefika husogea, akisha hurudi nyuma, na uwiano wa ala ukapatikana kwa miguu. Hugh Tracey naye, mrekodi wa muziki wa Afrika, aliporekodi Bukoba mwaka 1950 nanga (ala ya nyuzi) ya Habib bin Seliman, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi, akiielekeza kwenye nyuzi au kinywani kama wimbo utakavyo. Brennan ni wa ukoo huo: hurekodi papo hapo, kwa mkupuo mmoja, bila kurundika sauti juu ya sauti baadaye.

Tofauti ni kwamba bluegrass hutegemea wepesi wa vidole, na santuri hii haina mabingwa wa ala. Vyombo ni vichache, nyimbo nyingi ni fupi, na waimbaji walitunga wenyewe, kwa Kikerewe na Kijita. Ufupi huo ndio udhaifu pekee ninaoulalamikia, kwa kuwa baadhi ya nyimbo hukoma sikio likiwa ndiyo kwanza linatulia. Lakini lau zingalirefushwa kwa ngoma na kinanda vya kukodi, naamini zingalipoteza kile kilichozifanya zistahili kusikilizwa.

Hukumu yangu ni kwamba kazi hii ni njema, na imekuwa njema kwa sababu fundi wake alijua kujizuia. Vijana wa Mwanza wenye kurekodi vyumbani kwa kompyuta moja wasione haya kwa uchache wa vyombo. Na kabla hawajagusa kitufe cha kurekebisha sauti, kwanza waisogeze maikrofoni, kisha wasikilize.