Kozi wa Baker na watu wasioonekana

Vipo vitabu vya ndege vya kukufundisha majina, halafu ipo The Peregrine. J. A. Baker aliitoa 1967, baada ya kumfuata kozi kwa misimu kumi ya baridi huko Essex, mashariki mwa Uingereza, kuanzia mashambani hadi kwenye tope la mlango wa mto. Imeandikwa kama shajara inayoanza Oktoba na kuishia Aprili. Ila usidanganyike na tarehe: miaka kumi imekunjwa ikawa msimu mmoja.

Wapo waliomsuta kwa hilo, eti shajara gani hii? Mimi namtetea. Ukienda ukingoni siku moja unaona ndege tu. Ukirudi miaka kumi ndipo unaona mwendo wao: maji yakipwa, sululu na wenzake wanatawanyika kula, yakijaa, wanabanwa pamoja, na kozi yuko juu anasubiri. Msomaji wa Mida au Rufiji hahitaji kuelezwa. Ndege wa topeni wanakuja kwetu miezi hiyohiyo, kaskazi ikivuma, na wengi huondoka Aprili.

Uchungu wa kitabu unatoka kwenye dawa. Wakati ule DDT na sumu nyingine za mashambani zilikuwa zimewamaliza kozi wengi Uingereza, naye Baker anaandika kama mtu anayeaga. Baadaye sumu hizo zilibanwa, kozi wakarudi, na leo wanatagia kwenye majengo marefu ya London. Je, kitabu kimepitwa? Hata kidogo. Kinatuonyesha kuogopa mapema kunafananaje.

Ninapogombana naye ni kwenye suala la watu. Baker anatamani kuwa ndege, anawakwepa binadamu wenzake, kwa hiyo karibu hawamo kabisa. Mbona kuta za kuzuia bahari anazotembea juu yake zilijengwa kwa mikono yao? Mwaka 1953, muda mfupi kabla ya misimu yake kumi, bahari ilivunja kuta za pwani hiyo ya mashariki, na zaidi ya watu 300 wakafa nchini humo. Ukimya wa kinamasi anaousifu una historia hiyo ndani yake.

Kisome, lakini kurasa chache kwa siku. Sentensi zake ni kali, na zikilundikana zinachosha.