Kabla ya kupima mota, pima kontrola

Pikipiki ya umeme ikishuka kwenye feri ya Likoni maji yamepwa, hukuta mwinuko mkali kuliko maji yakiwa yamejaa, na huanza kupanda kutoka kusimama, abiria nyuma. Hapo ndipo kontrola, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, hujulikana ikiwa imesetiwa vibaya. Chombo kinatetemeka, mota inalia na kupata moto, na mwenye pikipiki anaambiwa betri imechoka, kumbe betri huenda haina kosa lolote.

Rais William Ruto alizindulia Mombasa mpango wa kitaifa wa uchukuzi wa umeme Septemba 2023, na mafundi wa huko, kuanzia Likoni hadi Kisauni, wanahitaji ujuzi huu. Kontrola ikiharibika na kuwekwa ya kampuni nyingine, hiyo mpya haiijui mota. Haijui ukinzani wa waya zake, indaktansi yake, jozi zake za sumaku wala pembe ya sensa za Hall, zile zinazoonyesha mota imezunguka hadi wapi. Wengi huibonyeza ijipimie mota yenyewe, basi. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kontrola huipima mota kwa sensa zake za mkondo. Sensa ikisoma asilimia 5 zaidi, ukinzani utatoka umepungua karibu kiasi hicho hicho.

Chomoa kwanza waya tatu za mota, washa kontrola, usome sensa wakati hakuna mkondo. Sensa nyingi za volti 3.3 hutakiwa kutoa 1.65, kinachozidi au kupungua ndicho cha kuondoa kwenye hesabu. Sifuri ikikosewa, mota hutetemeka mara moja kwa kila mzunguko wa umeme. Sensa zikitofautiana ukali wa kusoma, hutetemeka mara mbili. Fundi mwenye sikio zuri huzitofautisha hizo.

Kisha rudisha waya hizo, upime ukinzani wa mota. Mita ya kawaida haiufikii, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko wa mota. Tuseme kontrola inapitisha ampea 5 kwenye waya mbili na kudai imetoa volti 0.35. Ukigawanya unapata ohmu 0.07, na ni uongo: sehemu ya volti hizo imepotelea kwenye transista na katika muda mfupi zote zinapokuwa zimezimwa. Pandisha hadi ampea 15, isome volti 0.75. Sasa chukua tofauti peke yake: volti 0.4 kwa ampea 10, yaani ohmu 0.04, ambayo ni 0.02 kwa kila fezi.

Pembe ya sensa za Hall ndiyo inayoumiza mfuko. Ikikosewa digrii 30 za umeme, nguvu ya kuzungusha hushuka kwa asilimia 13. Ili kupanda mwinuko ule ule, mota huvuta mkondo zaidi kwa asilimia 15, na joto la kwenye shaba huongezeka kwa theluthi nzima. Betri nayo inaisha mapema.

Joto hilo hugeuza hata vipimo vyenyewe. Ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii, hivyo mota iliyopimwa gereji kwenye digrii 30 huwa na ukinzani zaidi kwa asilimia 27 ikifika 100. Andika joto kando ya kila kipimo, na upime tena pikipiki ikirudi kutoka barabarani kabla haijapoa.