Heko kwa walimu wa lugha wa masafa

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mjini Bukoba. Kwa hiyo mwalimu wa shule kule Muleba, hata kisiwani Bumbire, anaweza kusomea Kiswahili bila kuacha chaki yake. Hilo linajulikana. Wasiosifiwa vya kutosha ni wahadhiri wa lugha walio upande wa pili wa simu.

Kazi yao ina ugumu wake. Fonolojia haisomeki kwa macho tu. Lazima sauti isikike. Jukwaa la mtandaoni la Moodle hubeba mihadhara na mazoezi vizuri, lakini darasa la video humaliza bando, na mtandao ukiyumba nusu ya sentensi humezwa (tena ile nusu yenye mfano!). Hongera basi kwa mhadhiri anayerekodi maelezo mafupi ya sauti na kuyatuma WhatsApp. Faili ni jepesi, hurudiwa mara kumi, na mwalimu anayesoma hujibu kwa sauti yake mwenyewe, akasahihishwa matamshi usiku, wanafunzi wake wadogo wakiwa wamelala. Huja Bukoba kufanya mtihani.